Kabla hujanunua Noah ya mkono wa pili, iulize imetoka wapi

Usiku mmoja wa Machi 2025 shemeji yangu alinipigia simu kutoka Kisauni. Furaha ilikuwa imemjaa. "Shemeji, gari nimelipata, tena liko huko huko kwenu Nyamasaria. Wewe nenda ukaliangalie tu, kisha unipe habari nitume pesa iliyobaki."

Akanirushia picha sita kwa simu. Ilikuwa Toyota Noah ya 2010, rangi ya fedha, imeoshwa ikang'aa, viti vimevikwa vitambaa vipya. Bei laki saba na nusu, ilhali zile alizokuwa akizizungukia Mombasa zilikuwa zikitajwa laki tisa na kupanda. Elfu hamsini alikuwa ameshazituma, eti isije ikachukuliwa na mwingine.

Wacha niseme pesa hizo zilikuwa za nani, maana hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Dadangu na mumewe wana watoto watano, na mamangu anaishi nao. Magoti ya mama hayamruhusu tena kupanda matatu, na kliniki yake ni ya kila mwezi. Nusu ya pesa ilikuwa akiba ya chama ya miaka sita. Nusu nyingine ilitoka kwa mama mwenyewe, ambaye aliuza bangili zake mbili za dhahabu alizopewa alipoolewa. Nyuma ya pesa hizo hakukuwa na nyingine. Gari likiharibika mwezi wa pili, halitengenezwi. Linabaki uani likilaliwa na kuku.

Mimi naishi Nyamasaria mwaka wa kumi na moja sasa. Kwa msomaji wa Pwani asiyepajua, hapa ndipo mtu anayetoka Nairobi kupitia Ahero anapokaribishwa na mji wa Kisumu. Kuna mto wenye jina hilo hilo, na kuna makutano ya barabara kuu na ile ya pembeni inayokwenda hadi Kisian. Mafundi wa jua kali wako kila upande. Nina duka dogo la mabati na misumari, kwa hivyo mimi si fundi wa magari. Ila gereji iko mkabala na duka langu, na mzee mmoja wa hapo amekuwa rafiki. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyaokota kwake, na mengine nimeyaona kwa macho yangu siku tulipokwenda kuitazama Noah ile.

Jina la gari si ushahidi

Swali la kwanza nililomuuliza fundi lilikuwa lile ambalo kila mtu huuliza: "Noah ni gari nzuri?" Akacheka. Akaniambia hilo ni kama kuuliza kama watu wa Kisumu ni wazuri. Unamzungumzia yupi?

Noah ziko nyingi chini ya jina moja. Ile ya kwanza, ya 1996 hadi 2001, injini yake imekaa chini ya viti vya mbele na husukuma magurudumu ya nyuma. Iliyofuata, ya 2001 hadi 2007, inaletewa sifa na lawama zote na injini yake ya D-4, ambayo huingiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya nguvu kubwa. Ikitunzwa, inakwenda. Ikinyimwa oili safi, huziba masizi, pampu huchoka, na fundi asiyeijua huiharibu zaidi. Ile ya 2007 hadi 2014, ndiyo hiyo ya shemeji, ina injini tulivu zaidi ya lita mbili, lakini giaboksi yake ni ya CVT, na hapo ndipo pa kuangalia. Voxy ni pacha wa Noah. Tofauti ni sura. Nissan Serena ya miaka hiyo nayo ina CVT. Toyota Isis za mwanzo zenye injini ya 1.8 zina jina la kunywa oili zikizeeka.

Kwa hivyo jina hukwambia wapi pa kuchungulia, basi. Magari mawili yaliyotoka kiwandani siku moja huwa si ndugu tena baada ya miaka kumi na mitano. Moja limeendeshwa na mwalimu kwenda shule na sokoni. Jingine limekimbizwa barabarani kubeba abiria kuanzia alfajiri hadi usiku. Gari la kutegemeka ni lile lenye historia ya kutegemeka, na kazi yote ya mnunuzi ni kuitafuta historia hiyo.

Ugumu ni kwamba historia yote anayo muuzaji. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu jambo hili hili akitumia mfano wa magari yaliyotumika, na kazi hiyo ikachangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili. Alisema muuzaji anaujua ubovu wa gari lake na mnunuzi haujui. Mnunuzi kwa kuogopa hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo haimfai, hulirudisha nyumbani. Wanaobaki sokoni ni wale wenye mabovu. Wazee wetu walilisema kwa maneno machache: nyumba njema si mlango. Ukiona bei iko chini ya wenzake kwa laki moja na nusu, usiulize una bahati gani. Uliza mwenye gari anajua nini usichokijua wewe.

Karatasi kabla ya boneti

Tulianza na karatasi, nami nikiwa bado dukani. Nilimwomba dalali anitumie nambari ya gari na nambari ya chasisi. Kwa nambari ya gari unaweza, kupitia eCitizen kwenye huduma za NTSA, kulipa ada ndogo na kupata kumbukumbu ya gari: nani mwenyewe, liliundwa mwaka gani, liliandikishwa lini, na kama kuna zuio juu yake.

Kitu cha kwanza kutazama ni jina. Likiwa na jina la benki au la mkopeshaji kando ya la mwenye gari, gari hilo lina deni na halihamishiki mpaka deni lilipwe. Mikopo ya kuweka kitabu cha gari dhamana ni mingi mno siku hizi. Tena tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, kuna daftari la kitaifa ambamo mkopeshaji huandikisha haki yake, na daftari hilo nalo linaweza kupekuliwa. Muuzaji akikwambia "deni limebaki kidogo tu, nipe pesa nimalizie", mwambie muende pamoja kwa huyo anayemdai, mlipe hapo na mtoke na barua.

Kitu cha pili ni miaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, mwisho ilikuwa magari ya 2018. Ukijua hivyo unaweza kupiga hesabu. Noah ya shemeji iliundwa 2010 na kuandikishwa hapa 2017. Maana yake ilikaa Japani miaka saba na hapa kwetu minane. Ile karatasi ya mnada ya Japani, ambayo wauzaji hupenda kuionyesha, inakueleza kuhusu ile saba tu. Ni karatasi nzuri: inataja kilomita, ina alama ya jumla kama 4 au 3.5, na herufi R kwa kawaida maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Lakini minane ya matope, matuta na petroli ya kila aina haimo ndani yake.

Kumbukumbu ya NTSA ilionyesha jina la mtu ambaye si dalali na wala si yule dalali alimwita "mwenye gari". Nilipouliza, nikaambiwa huyo ni mtu wa tatu, "hajapata nafasi ya kubadilisha". Nikaliandika pembeni. Peke yake halimwondoi mtu, magari mengi huuzwa hivyo, lakini linamaanisha kuna mmiliki mmoja hapo katikati ambaye jina lake halionekani popote, na hakuna wa kumuuliza alilifanyia gari kazi gani.

Nambari ya chasisi ina faida nyingine. Mifuko ya hewa iliyoundwa na kampuni ya Takata ilirudishwa duniani kote kwa sababu inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, na magari ya Toyota, Nissan, Honda na Mazda yamo katika orodha. Toyota, kwa mfano, ina sehemu kwenye tovuti yake ya Japani ya kuingiza nambari hiyo na kuona kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Dakika tano tu, na ni maisha ya mtu.

Injini ikiwa baridi

Dalali alitaka kutuletea gari dukani saa nne asubuhi. Fundi akakataa. "Mwambie tutakuja sisi, mapema, na asiiwashe." Injini ikishapata moto huficha mengi: oili imeshapanda, vyuma vimeshatanuka, moshi wa kwanza umeshapotea. Tukaenda baada ya swala ya alfajiri. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti kabla hata hajasalimu. Ilikuwa baridi. Vizuri.

Akachomoa kijiti cha oili akakipangusa kwa kitambaa cheupe. Oili nyeusi si kosa, ni oili iliyofanya kazi. Iliyo nzito kama lami imesahauliwa. Iliyo na rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, na hapo unafunga boneti na kuaga. Akafungua kifuniko cha rejeta, jambo la kufanywa injini ikiwa baridi tu. Alitaka kuona maji ya rangi, yale ya dukani, wala si maji ya mfereji yenye kutu. Mtu anayetia maji ya mfereji kwenye rejeta kila siku anakwambia bila kusema kwamba kuna mahali panavuja.

Kisha akamwambia dalali awashe, naye akasimama nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi mweupe mwepesi asubuhi si neno, ni mvuke. Ukiendelea baada ya dakika chache na una harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoungua. Moshi wa buluu ni oili. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Noah ile haikutoa hata mmoja. Injini ilinguruma sawasawa. Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaanza kumwandikia shemeji ujumbe wa furaha. Akanishika mkono: "Omera, ngoja."

Kwenye dashibodi kuna jambo moja ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua. Ufunguo ukigeuzwa kabla ya kuwasha, taa zote za onyo lazima ziwake kisha zizime: ya injini, ya breki, ya mfuko wa hewa. Wengi huangalia kama taa imezima. Wachache huangalia kama iliwaka kwanza. Taa ambayo haikuwaka kabisa huenda imeng'olewa au imezibwa, na aliyeiziba alikuwa na sababu. Fundi pia alichomeka kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari. Hakukuwa na hitilafu iliyoandikwa, lakini alinionya: kumbukumbu hiyo hufutwa kwa dakika moja. Kifaa kikikuta hitilafu, kiamini. Kisipokuta kitu, usijitie moyo.

Matope, chumvi na mstari wa njano

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna hofu yetu, na ninyi wa kandokando ya bahari mna yenu. Huku ni mafuriko. Mito ya bonde la Kano hujaa, na Nyamasaria yenyewe imeshazama zaidi ya mara moja. Mvua za 2020 na za 2024 ziliingiza maji katika nyumba na nyua nyingi, na magari hayakusazwa. Gari lililozama huoshwa, huanikwa, hunyunyiziwa manukato na kuuzwa mbali na mahali pake. Kwa hivyo hata ukiwa Malindi jambo hili linakuhusu.

Fundi alinionyesha jinsi ya kulitambua. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Sehemu ile iliyojificha ndani haioshwi na mtu, na ukikuta mstari wa udongo umejua maji yalifika wapi. Inua zulia lililo chini ya miguu unuse. Tazama reli za viti na misumari yake kama ina kutu, maana ndani ya gari hapapaswi kuwa na kutu. Chungulia mahali pa gurudumu la akiba. Mikanda ya Noah ile ilikuwa safi hadi mwisho. Haikuzama.

Kwa Pwani hofu ni chumvi. Gari lililolala miaka mingi karibu na bahari hulika kutoka chini, na rangi mpya haiwezi kusema hivyo. Lipigwe jeki au lipandishwe gerejini, mtu alale chini na tochi, agonge kwa ufunguo kingo za milango na mahali shoki zinaposhikilia bodi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza au hubomoka. Lami nyeusi iliyopakwa juzi chini ya gari ni ya kukwanguliwa uone inaficha nini.

Na kuna historia ya tatu, ndiyo iliyotukamata sisi. Magari haya ya viti saba huku magharibi hufanya kazi ya abiria. Kwa sheria zilizoanza kutumika 2004, zile watu wanaziita za Michuki, gari la abiria lazima liwe na mstari wa njano ubavuni. Mstari hung'olewa kwa nusu saa, lakini rangi iliyokuwa chini yake haikupigwa na jua kama ile iliyo nje yake. Jua lilipochomoza kutoka upande wa Ahero likapiga ubavu wa Noah kwa mshazari, fundi akaniita nisimame karibu na taa ya nyuma na nitazame kuelekea mbele. Ulikuwapo, kama kivuli: mstari wa fedha ing'aayo zaidi, mpana kama kiganja, kutoka mlango wa mbele hadi nyuma.

Baada ya hapo kila kitu kilianza kusema. Mlango wa kusukuma ulikuwa ukipanda na kushuka ukiufunga, kwa sababu roda zake zimelika. Mlango wa familia haufunguliwi mara mia kwa siku. Kidato cha kupandia kilikuwa kimefutika michirizi yake. Chini ya vile vitambaa vipya sifongo za safu ya tatu zilikuwa zimebonyea mpaka chuma kikahisika. Mita ilisema kilomita elfu tisini na nane. Pedali ya breki, mpira wake umelika hadi kwenye chuma upande wa kulia, ilisema nyingine.

Dalali alipoulizwa alisema hajui, yeye aliletewa hivyo. Huenda ni kweli. Sina neno na kazi ya abiria. Ndiyo inayotufikisha sote. Lakini gari lililofanya kazi hiyo lina bei yake, na mnunuzi ana haki ya kujua.

Watu saba mpaka Riat

Bado nilikuwa na tamaa. Nikasema injini si nzuri? Viti si vya kushonwa? Roda za mlango si spea ya kununuliwa? Fundi akasema sawa, tulipime kwa kazi yake.

Hili ndilo ningependa msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Watu hulijaribu gari la familia wakiwa wawili, dakika kumi, barabara tambarare, kiyoyozi kimezimwa ili wasikie injini. Kisha wanalinunua, wanalijaza watu saba na mizigo, wanawasha viyoyozi vyote viwili kwa joto la Mombasa, na ndipo wanalijua. Jaribu lililo tofauti na kazi halikupi jibu.

Giaboksi ya CVT haina gia za meno zinazopokezana. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Mkanda huo hushikwa kwa nguvu ya oili maalumu. Toyota ina oili yake ya CVT, na Nissan ina zake, NS-2 na baadaye NS-3. Ukitia oili ya giaboksi ya kawaida, gari litakwenda, hata kwa miezi, huku mkanda ukijichubua. Ubovu wake huonekana mambo matatu yakikutana: joto, mzigo na mlima. Gari tupu kwenye tambarare za Nyamasaria halitasema kitu.

Fundi aliwaita vijana watano wa gereji, wakaingia wakicheka. Dalali akalalamika petroli. Nikamtilia ya elfu moja. Tukawasha viyoyozi, cha mbele na cha nyuma. Tukapita Kondele tukashika barabara ya Kakamega, ambako mlima wa Riat unakungoja. Kwa wasomaji wa Mombasa, mlima wenu ni ule wa kutoka Changamwe kupanda Mazeras, unatosha kabisa.

Mara ya kwanza ilipanda vizuri. Tukageuza, tukashuka, tukarudia. Mara ya pili, katikati ya mlima, injini ilipandisha sauti lakini gari halikuongeza mwendo. Mshale wa mizunguko ulikwenda juu, mshale wa mwendo ukabaki pale pale, kisha gari likashtuka kama mtu aliyeguswa usingizini. Vijana wakaacha kucheka. Mara ya tatu likashtuka mara nne, na tukasikia mvumo kutoka chini. Tuliposimama juu, fundi akatia gia ya nyuma. Ikachukua muda, halafu ikaingia kwa kishindo.

"Hii," akasema, "itafika Mombasa pengine. Kurudi sijui." Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa hadi Kisauni. Nilimwona mamangu kando ya barabara usiku, na wajukuu watano. Giaboksi ya kubadilisha, hata iliyotumika, ingemeza laki moja na zaidi pamoja na kazi, na yenyewe ingekuja bila historia. Ile nafuu ya bei ilikuwa imeshakwisha pale pale mlimani.

Bei ya kusema hapana

Kumpigia shemeji ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda Riat. Kwanza alidhani nimelaghaiwa na fundi anayetaka kumuuzia gari lake. Kisha akasema, "Na elfu hamsini yangu?" Hapo ndipo wengi hunaswa. Mtu akishatoa kidogo huona afadhali amalizie kuliko kukipoteza. Lakini hamsini ilikuwa imeshakwenda, tununue tusinunue. Swali lililobaki lilikuwa kama tuifuate kwa laki saba.

Tulisumbuana na dalali wiki tatu, akarudisha elfu thelathini. Ishirini iliyopotea, pamoja na elfu tatu za fundi na elfu ya petroli, ndiyo ada tuliyolipa. Dadangu aliikasirikia. Mama alisema ni rahisi kuliko bangili. Laiti shemeji angeandikiana na dalali mstari mmoja, kwamba pesa itarudishwa ikiwa gari halitaridhisha likikaguliwa, hata hiyo isingepotea. Usitume hata shilingi ya kushikilia gari ambalo hujaliona likiwa baridi, na ukituma, iwe kwa maandishi.

Miezi minne baadaye walinunua Noah ya umri ule ule hapo hapo Mombasa, kwa laki nane na themanini. Si nzuri kwa macho. Ina mkwaruzo mrefu ubavuni. Mwenyewe alikuwa karani aliyestaafu, na alikuwa na faili. Ndani ya faili kulikuwa na risiti za oili ya injini kila baada ya miezi michache, na risiti mbili za oili ya CVT zenye jina la oili yenyewe. Waliipandisha Mazeras mara tatu wakiwa saba, viyoyozi vimewaka. Fundi wao alikuta kutu kidogo chini ya mlango na shoki mbili zilizochoka, wakapunguziwa kwa hizo. Laki moja waliiweka pembeni kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, maana hakuna gari la mkono wa pili lisilodai kitu. Tangu hapo limewala shoki, betri na tairi mbili. Nambari nne zilizochongwa ubavuni mwa tairi hizo zilionyesha umezidi umri wake: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Je, litadumu? Sijui, na anayekwambia anajua anakuuzia kitu. Ninachojua ni kwamba walinunua gari ambalo maisha yake waliyaona. Mama huenda kliniki akiwa amekaa kiti cha katikati, mlango ukifunguka bila kelele.

Ile Noah ya fedha niliiona tena hapa Nyamasaria wiki chache baada ya pale, ikiwa na mwenyewe mpya, mtu wa makamo na watoto nyuma, ikielekea upande wa Ahero. Nilipunga mkono kumsimamisha. Hakuniona.